Mzee anayeishi peke yake: namna majirani mnavyoweza kupanga zamu za kumsaidia

"Nianzie wapi?" "Nimpelekee nini?" "Kila nikimwuliza ananijibu hana shida. Sasa nimwache?" Maswali haya hayaishi, na wanaouliza ni watu wenye nia njema ambao jirani yao ni mzee anayeishi peke yake. Mwongozo huu ni wao. Haukuandikwa kwa ajili ya wauguzi wala maofisa wa ustawi wa jamii. Umeandikwa kwa jirani, ndugu wa mbali, rafiki au mtu mnayesali naye, ambaye hajawahi kufanya kazi hii na anataka kuifanya ipasavyo.

Kuna jambo moja la kutangulia. Msaada unaodumu ni mdogo, una ratiba, umegawanywa kwa watu kadhaa, na mwenye kauli ya mwisho ni mzee mwenyewe. Huruma ya ghafla huja leo na mifuko mitatu, kisha kimya mwezi mzima. Mzee hawezi kupanga maisha yake kwa huruma ya namna hiyo. Ila mtu anayepiga hodi kila Jumanne saa 4 asubuhi, huyo anaweza kumpangia.

Vya kuandaa kabla hujaanza

- Watu wanne hadi sita wanaokaa karibu. Wawili wanaweza, lakini watachoka upesi.
- Ridhaa ya mzee. Bila hiyo usiendelee na hatua ya pili.
- Daftari moja na kalamu. Vyote vikae nyumbani kwa mzee.
- Karatasi ya dharura iliyoandikwa kwa herufi kubwa: jina lake kamili, mwaka wa kuzaliwa, maradhi aliyonayo, dawa anazotumia na kiasi chake, dawa au vyakula vinavyomdhuru, mahali anapotibiwa, na namba za simu za watu watatu.
- Ufunguo wa akiba, na mtu wa kuutunza ambaye mzee amemchagua mwenyewe.
- Kijisanduku cha dawa chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya wiki.
- Taa ndogo ya kuwaka usiku, au tochi ya kuweka karibu na kitanda.

Kama hamna fedha, anzeni na daftari, karatasi ya dharura na watu. Vingine vitafuata.

Hatua ya 1: Nenda ukazungumze naye, peke yako

Usiende na kundi. Mzee anayefungua mlango na kukuta watu watano waliokuja "kumsaidia" anajiona ameshajadiliwa mahali asipokuwepo. Nenda peke yako, au na mtu mmoja anayemfahamu vizuri. Kaa penye mwanga ili auone uso wako vizuri. Usikivu wa uzeeni hupotea kwanza kwenye sauti nyembamba, kwa hiyo ukipiga kelele huongezi kitu, unaipandisha sauti tu. Ongea polepole, kwa sauti nzito kidogo, mkitazamana. Redio au televisheni izimwe kwa idhini yake.

Swali la "una shida gani?" liache. Jibu lake unalijua tayari. Uliza mambo yanayoshikika:

- "Kazi gani ya nyumbani inakuchosha kabla hujaimaliza?"
- "Usiku ukiamka kwenda chooni, unapita wapi?"
- "Mara ya mwisho kwenda kliniki ulifikaje?"
- "Kuna kitu ulikuwa ukikipenda na siku hizi hukifanyi?"

Swali la mwisho usiliruke. Majibu yake mara nyingi yana uzito kuliko hayo mengine matatu. Aliyeacha kwenda ibadani kwa sababu ya ngazi mbili zisizo na mahali pa kushika hahitaji kuletewa chakula. Anahitaji mkono wa kumpandisha ngazi hizo.

Akikataa, kubali, na muage kwa heshima. Rudi baada ya wiki moja kwa jambo lingine kabisa, hata kumjulia hali tu.

Hatua ya 2: Ifuate siku yake, saa kwa saa

Akishakubali, mwombe akueleze siku yake tangu anapoamka hadi anapolala. Andika mahali anapokwama, si mahali unapodhani anakwama. Pitieni kuamka na kuvaa, kuoga, choo, kupika na kula, maji ya kunywa, dawa, usafi wa nyumba na nguo, kucha za miguu, bili, kutoka nje, kulala.

Kucha za miguu nimezitaja makusudi. Watu huona aibu kuziuliza, na mzee asiyeweza kuinama huona aibu kuzisema. Kucha ndefu hubadilisha mwendo, na mwendo ukibadilika mtu huanguka. Ila kama ana kisukari, msizikate wenyewe. Kidonda kidogo cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari ni jambo kubwa, kwa hiyo mpelekeni kwa mhudumu wa afya.

Kisha gawa orodha yako mafungu matatu: anayoyaweza mwenyewe, anayoyaweza akisaidiwa kidogo, na asiyoyaweza kabisa. Fungu la kwanza msiliguse. Anayefua leso zake mwenyewe aachiwe afue, hata akichukua saa nzima. Viungo vinavyoachwa bila kazi hulegea haraka uzeeni, na mkimpokonya kazi anazoziweza mtajikuta baada ya miezi michache mnamfanyia zote.

Hatua ya 3: Kusanya wenzako na mgawane siku

Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vyenyewe vijue zamu zao. Kila mtu achukue jambo moja alilo na uwezo nalo, siku maalumu na saa maalumu. Mfano wa wiki:

- Jumatatu na Alhamisi: wa kufika asubuhi, kuongea naye, kutazama dawa.
- Jumatano: wa kwenda kununua mahitaji.
- Jumamosi: wa kazi nzito, kama kubeba maji, kufua mashuka, kutoa taka.
- Jumapili: wa kutoka naye nje.
- Kila siku: wa kutazama ishara (nitaieleza hatua inayofuata).

Awepo mratibu mmoja. Kazi yake ni kujua nani hatakuwepo na nani atamshikia zamu, na si lazima afike mwenyewe kila siku. Jambo la "sote tutakuwa tunampitia" lina mwisho mmoja: kila mmoja anadhani mwenzake amepita.

Mzee apewe ratiba hiyo kwa maandishi makubwa, ibandikwe mahali anapoiona. Mkiibadilisha, aambiwe kabla.

Hatua ya 4: Wekeni ishara ya kila siku

Kama kuna hatua moja tu mtakayoweza kuitekeleza, iwe hii. Mzee anayeanguka akiwa peke yake na kukaa sakafuni zaidi ya saa moja huingia hatarini hata kama hakuvunjika mfupa: mwili hupoa, maji hupungua, ngozi iliyolaliwa huanza kuharibika, na misuli iliyobanwa huanza kuoza na kuzidhuru figo. Lengo lenu ni kupunguza muda kati ya kuanguka na kuonekana.

Ishara iwe rahisi na isiyogharimu kitu. Pazia la dirisha la mbele lifunguliwe kabla ya saa 2 asubuhi. Au simu ipigwe mlio mmoja kisha ikatwe. Au taa ya barazani izimwe. Kisha kubalianeni mambo matatu:

1. Nani anaitazama, na nani anaitazama asipokuwepo.
2. Saa ya mwisho ya kungoja ni ngapi.
3. Isipoonekana, nini kinafuata: piga simu, kisha piga hodi, kisha zunguka dirishani ukiita jina lake, kisha mwite mwenye ufunguo wa akiba, mwingie watu wawili.

Mzee aambiwe waziwazi kwamba pazia lisipofunguka mtaingia. Hilo likubaliwe mapema, ili siku hiyo mtu asisimame mlangoni akijiuliza kama ni adabu kuingia.

Hatua ya 5: Rekebisheni nyumba isimwangushe

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kuanguka ni sababu ya pili duniani ya vifo vitokanavyo na majeraha yasiyo ya kukusudia, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa kuanzia miaka 60. Kinachowaangusha wengi kimo ndani ya nyumba zao.

Piteni njia moja tu kwanza: kitandani hadi chooni, usiku, taa zikiwa kama yeye anavyoziacha. Ondoeni zulia linalojikunja, nyaya zinazokatiza, ndoo, viatu. Wekeni taa ya usiku. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya mwanga unaoingia jicho la kijana wa miaka 20, kwa hiyo mwanga unaokutosha wewe yeye haumtoshi. Choo na bafu viwe na kishikio kilichofungwa imara ukutani. Kamba ya kuanikia taulo si kishikio. Kandambili zilizolegea zibadilishwe na viatu vinavyoshika kisigino. Vitu vya kila siku vishushwe kwenye rafu iliyo kati ya kiuno na kifua, ili asipande kiti wala asiiname sana.

Mfundisheni pia kuamka kwa vituo: akae ukingoni mwa kitanda kwa muda, achezeshe miguu, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Presha hushuka ghafla mtu anaponyanyuka, hasa akiwa anatumia dawa za presha.

Angalizo: msihamishe samani bila yeye kuwepo. Mzee asiyeona vizuri hutembea kwa kumbukumbu, na kiti mlichokisogeza kwa nia njema ndicho kitakachomwangusha.

Hatua ya 6: Chakula, maji, dawa

Chakula. Usiulize "umekula?" kwa kuwa atasema ndiyo. Tazama: sufuria limetumika? Chakula cha jana kimeguswa? Mkanda wa suruali umeongezwa tundu? Kupungua kilo 3 kwa mtu wa kilo 60 ndani ya nusu mwaka, bila kukusudia, ni sababu ya kumpeleka kwa daktari. Kabla ya kulaumu hamu ya kula, chungulia kinywa. Meno bandia yasiyokaa vizuri au fizi zenye vidonda humfanya mtu aache kula bila kusema. Tena, kula peke yako kila siku kunachosha. Mwenye zamu akiweza kukaa na kula naye mara moja kwa wiki, sahani itaisha.

Maji. Kiu hupungua kadiri umri unavyoenda, kwa hiyo asingoje kiu. Chupa au jagi likae karibu na kiti chake, lijazwe asubuhi, litazamwe jioni. Wapo wanaojizuia kunywa kwa kuogopa safari za chooni usiku. Hao wanywe zaidi asubuhi na mchana. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo anaweza kuwa amepewa kipimo cha maji na daktari. Kifuateni hicho.

Dawa. Mara moja kwa wiki mjaze naye kile kijisanduku, yeye akiwa ndiye anayezisoma au kuzitambua. Msivunje wala kusaga kidonge bila kumwuliza mfamasia, maana vingine vimetengenezwa kutoa dawa polepole na vikisagwa hutoka yote kwa mpigo. Mhudhurie kliniki na dawa zote ndani ya mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za mitishamba, ili mtaalamu aone kama kuna zinazogongana. Parasetamoli ya maumivu na dawa ya mafua vikinywewa pamoja mara nyingi ni parasetamoli ileile mara mbili.

Hatua ya 7: Fedha zisimamiwe mbele ya macho ya watu wawili

Anayenunua vitu arudishe risiti na chenji, viandikwe kwenye daftari, siku hiyohiyo. Asiyekuwa na risiti aandike alichonunua na bei. Msijue namba yake ya siri ya benki au ya simu. Msimkope, hata kidogo. Mambo ya wosia, hati za nyumba na mashamba hayawahusu kabisa. Akiomba msaada nayo, mwelekezeni kwa mwanasheria au kwa ndugu anaowaamini, mkiwa zaidi ya mmoja.

Msione sheria hizi kuwa za kuwadhalilisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hutendewa ubaya wa aina fulani ndani ya mwaka mmoja, na kunyang'anywa mali ni mojawapo. Utaratibu wa wazi unamlinda mzee, na unamlinda pia msaidizi mwaminifu siku pochi itakapopotea.

Hatua ya 8: Daftari

Kila anayefika aandike mistari miwili au mitatu, tarehe na jina. Asiandike "hajambo". Aandike alichokiona:

"Jumanne. Nimemkuta amevaa sweta ileile ya Ijumaa. Miguu imevimba kidogo, wa kushoto zaidi. Dawa ya Jumatatu jioni bado imo. Ameomba balbu ya chooni. Tumecheka sana kuhusu kuku wa jirani."

Mtu mmoja akiona miguu imevimba leo hana la kulinganisha. Mwenzake wa Alhamisi akisoma hayo anajua atazame nini, na daktari akionyeshwa kurasa mbili za namna hiyo anapata mengi. Ila kumbukeni mzee naye atalisoma daftari hilo. Msiandike jambo ambalo hamngeweza kumwambia usoni, na mambo ya siri ya mwili wake yasitoke nje ya kundi.

Hatua ya 9: Mpeni na yeye la kufanya

Kupokea tu kila siku kunamvunja mtu moyo. Mwombeni kitu: awasimulie watoto, afundishe ushonaji, apokee mzigo wa jirani aliye kazini, akague hesabu za kundi. Kiwe kitu mnachokihitaji kwelikweli. Cha kubuni atakigundua upesi.

Hatua ya 10: Siku za joto kali na baridi kali

Julai 1995 wimbi la joto liliua zaidi ya watu 700 mjini Chicago. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba waliokuwa wakiishi peke yao na wasiotoka nyumbani kila siku walikuwa hatarini zaidi, na waliokuwa na watu wa karibu walikuwa na nafuu. Ufaransa, baada ya joto la 2003 lililoua takriban watu 15,000, wengi wao wazee, manispaa ziliwekewa utaratibu wa orodha ya wazee wa kupigiwa simu joto linapopanda. Nanyi muwe na orodha yenu. Siku hizo zamu iwe mara mbili, asubuhi na jioni. Chumba kipate hewa, nguo ziwe nyepesi, shingo na mikono vipanguswe kwa kitambaa cha maji. Wakati wa baridi angalieni jiko la mkaa lisiingizwe chumba kilichofungwa, maana moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini.

Ukimkuta ameanguka

Usimnyanyue. Huu ndio msukumo wa kwanza wa kila mtu, na ndio unaoumiza.

1. Kaa chini karibu naye, mwite jina, mwulize anaumwa wapi.
2. Kama amegonga kichwa, ana maumivu ya nyonga au mgongo, mguu mmoja unaonekana mfupi au umegeukia nje, au anatumia dawa za kuyeyusha damu: mfunike, mwekee kitu laini chini ya kichwa bila kumpindua shingo, ita msaada wa hospitali. Usimpe chakula wala kinywaji.
3. Kama hana hayo na anajisikia kuinuka, lete kiti imara. Ageuke ubavu, apige magoti kwa mikono na miguu, aweke mikono kwenye kiti, atangulize mguu wenye nguvu, ajiinue. Kazi yako ni kukishika kiti na kumwelekeza. Usimvute makwapa.
4. Mweke kitini apumzike, uandike daftarini, na mhudumu wa afya ajulishwe hata kama anasema hajambo.

Mambo yakikwama

*Amechanganyikiwa ghafla, jana alikuwa mzima.* Usiseme ni uzee. Mkanganyiko unaokuja ndani ya saa au siku chache mara nyingi una chanzo kinachotibika: maambukizi ya mkojo au kifua, kupungukiwa maji, dawa mpya. Apelekwe siku hiyohiyo. Na ukiona uso umepinda upande mmoja, mkono mmoja hauinuki au maneno yanakwama, hicho huenda ni kiharusi. Kumbuka saa ilipoanza na mkimbize hospitali.

*Anakataa kuoga.* Mara nyingi anaogopa kuteleza, au anaona baridi, au anaona haya kwa aliyepangwa kumsaidia. Wekeni kiti bafuni, mpashieni maji, mwachieni achague nani amsaidie. Siku anazokataa, kupangusa uso, kwapa, sehemu za siri na miguu kunatosha.

*Anasema mmemwibia.* Msibishane. Mtafutieni kitu hicho mkiwa naye, wawili wenu. Likijirudia, mjulisheni ndugu na mhudumu wa afya, kwa kuwa inaweza kuwa dalili ya kupoteza kumbukumbu.

*Mtoto wake aliye mbali amekasirika, anauliza nyinyi ni nani.* Ana haki ya kuuliza. Mratibu ampigie, ampe majina na ratiba, amsomee daftari mzee akiridhia, kisha ampe zamu: simu ya Jumapili jioni, saa ileile. Wengi hutulia wanapopata sehemu yao.

*Anapiga simu mara kwa mara usiku.* Angalieni kwanza kama ana maumivu au haja ndogo inayomwamsha. Kama ni upweke, simu moja ya kupangwa kabla ya kulala hupunguza nyingi za usiku wa manane.

*Wasaidizi wanapungua.* Punguzeni kazi kabla hamjawalaumu waliobaki. Zamu moja fupi kwa wiki hudumu miaka. Zamu ya kila siku haimalizi mwezi. Anayetaka kupumzika apumzike bila kuomba radhi.

*Mahitaji yamewazidi.* Anatoka usiku na kupotea, anaacha jiko likiwaka, hawezi kujigeuza kitandani, ana vidonda vya kulalia, anashindwa kuzuia haja. Hapo majirani hamtoshi, na si kosa lenu. Iteni kikao na mzee mwenyewe, ndugu zake, mhudumu wa afya na ofisa wa ustawi wa jamii, mkiwa na daftari mezani. Mzee aulizwe kwanza anataka nini: mtu wa kulala naye nyumbani, kuhamia kwa ndugu, au makao ya wazee. Akihama, hamisheni na ratiba. Aliyekuwa akimtembelea Jumapili aendelee kumtembelea huko Jumapili, saa ileile.